Usizibe masikio kijana anapopiga yowe



Mama mmoja alinisubiri mlangoni baada ya ibada, mkononi ameshika fulana nyeusi aliyoikunja ikawa ndogo kama kitu cha aibu. Alikuwa ameitoa chini ya kitanda cha mwanawe wa miaka 19. Kifuani ilikuwa na maandishi yasiyosomeka, yamesokotana kama mizizi ya mti. “Mchungaji, mtoto wangu amepotea,” akaniambia. “Anasikiliza watu wanaolia kama wanaochinjwa.” Alitaka tuiombee fulana ile, kisha tuichome.

Nikamwuliza, “Mama, umewahi kumwuliza watu hao wanalilia nini?” Hakuwa amemwuliza. Nami, kusema kweli, sikuwa na jibu. Kwa hiyo nilikwenda kusikiliza.

Huenda hujui kwamba Nairobi ina bendi za roki nzito, zile za magitaa yanayonguruma na mwimbaji anayepiga mayowe badala ya kuimba. Hazisikiki sana redioni wala kwenye matatu. Mojawapo iliitwa Duma, ya vijana wawili, Martin Khanja na Sam Karugu. Walirekodi albamu yao Kampala, ikatoka 2020, na ikasikilizwa hadi Ulaya. Kwa Kiswahili duma ni mnyama mwenye mbio. Wao walilitoa jina hilo katika lugha ya Gikuyu, ambako maana yake ni giza.

Giza! Najua wengi wenu mmeshatikisa kichwa. Kizazi chetu kilifundishwa kuogopa. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Sisi tuliokua wakati huo tulijifunza kumtafuta Ibilisi katika nywele, pete, rangi nyeusi na muziki wa kelele.

Lakini fungua Biblia yako, Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za huzuni humalizika kwa shukrani. Hii haifanyi hivyo. Mwandishi anamlilia Mungu mchana na usiku, anasema nafsi yake imeshiba taabu, anauliza kwa nini Mungu anamficha uso wake, na zaburi inakwisha gizani. Haina haleluya wala amina. Imeandikwa kwa jina la Hemani, na jina hilo hilo la Hemani tunalikuta katika 1 Mambo ya Nyakati 15:19, miongoni mwa waimbaji waliowekwa kupiga matoazi ya shaba. Watu wa Mungu hawakuifuta zaburi hiyo. Waliitunza kwa karne nyingi na kuiimba hekaluni, kwa sababu walijua iko siku mwanadamu hana kilio kingine ila hicho.

Sasa jiulize: ni lini mara ya mwisho kanisa lako liliimba wimbo wa maombolezo, mbali na siku ya mazishi? Tuna sifa za kuruka, tuna nyimbo za kuvuka na za kushinda. Kijana aliyemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na hana kazi, au aliyemzika baba yake na kuambiwa asilie kwa kuwa yeye ni mwanamume, hana wimbo katika kitabu chetu. Basi huutafuta kwingine. Tukimkuta huko tunashangaa.

Tena mayowe hayo hayana utupu tunaoufikiria. Crystal Axis, bendi ya panki ya Nairobi, wana wimbo kuhusu Nyayo House, jengo ambalo Wakenya waliteswa katika vyumba vyake vya chini. Wana mwingine kuhusu Mfalme Leopold na damu ya Kongo. Khanja, ambaye sasa hujiita Lord Spikeheart, alitoa albamu mwaka 2024 akimkumbuka Muthoni wa Kirima wa ukoo wake, mwanamke pekee aliyefikia cheo cha Field Marshal katika Mau Mau. Mambo ambayo wazee waliyanyamazia mezani, wajukuu wanayapigia yowe jukwaani.

Sisemi kila wimbo ni mtakatifu. Ziko nyimbo zinazochezea nambari ya mnyama, ziko zinazomsukuma msikilizaji kukata tamaa kabisa. Paulo aliwaagiza Wathesalonike wayapime mambo yote na kulishika lililo jema. Kijana, agizo hilo ni lako pia. Ukitoka katika wimbo umechoka kuishi, umeshapata kipimo chake. Tafuta mtu uzungumze naye leo hii.

Lakini kupima ni kazi ya masikio na moyo, haimalizwi kwa kutazama fulana. Mwaka 1986 bendi ya Stryper kutoka California ilikuwa na nywele ndefu na magitaa makali, huku ikiwarushia mashabiki Agano Jipya kutoka jukwaani. Baadhi ya wahubiri waliwalaani kwa sababu ya sura yao. Kwa upande mwingine, kumbuka Shakahola. Mwaka 2023, katika msitu ule wa Kaunti ya Kilifi, ilianza kufukuliwa miili ambayo idadi yake ilipita 400, watoto wakiwamo. Ni mahakama itakayoamua nani ana hatia. Ila sote tunajua kwamba watu wale hawakuvutwa msituni na gitaa. Walivutwa na mahubiri. Yesu alisema tutawatambua kwa matunda yao, nasi tulikuwa tumekodolea macho majani.

Katika Marko 10, Bartimayo kipofu alipiga kelele kando ya njia ya Yeriko. Umati ulimkemea anyamaze. Tafadhali angalia waliomkemea ni nani: ni watu waliokuwa wakitembea na Yesu. Kelele ile iliwaharibia msafara. Yesu naye alisimama, akaagiza aitwe, kisha akamwuliza anataka afanyiwe nini. Hakumwambia kwanza ashushe sauti.

Mzazi, wiki hii kaa na mwanao. Mwombe akuchezee wimbo mmoja anaoupenda, uusikilize hadi mwisho hata kama masikio yanauma, kisha umwulize unamgusa wapi. Mchungaji mwenzangu, isome Zaburi ya 88 madhabahuni Jumapili moja, wala usiharakishe kuifunika kwa pambio.

Fulana ile hatukuichoma. Mama aliirudisha nyumbani, akaifua, akaianika kambani pamoja na nguo nyingine. Kijana alipoiona pale nje, mchana, machoni pa majirani wote, alimfuata mamake jikoni na kukaa. Walizungumza hadi chai ikapoa. Walimzungumzia baba, aliyefariki miaka miwili nyuma, na ambaye hakuna aliyekuwa amethubutu kumtaja nyumbani humo.

Bwana aliyesimama kwa sauti ya Bartimayo atupe masikio ya kusikia kilio kilicho ndani ya kelele. Jumapili njema.