Gari Lililozeekea Nchini: Magari ya Kale, Mafundi wa Mwanza na Pengo Lililomo katika Sera

Kufunguliwa kwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi mwezi Juni 2025 kuliondoa foleni za kusubiri kivuko katika eneo hilo la Ziwa Victoria. Reli ya kisasa ya Isaka hadi Mwanza nayo imo katika mpango huohuo wa kuifungua Kanda ya Ziwa. Ni mageuzi yanayoonekana kwa macho, na faida zake zimeelezwa mara nyingi. Kisichozungumzwa sana ni hatima ya vyombo vya zamani ambavyo mageuzi hayo yanaviacha nyuma.

Kwa upande wa meli, jibu lilikwishatolewa. MV Victoria, iliyoundwa Uskochi na kuanza kazi ziwani mwanzoni mwa miaka ya 1960, haikukatwa vyuma ilipochakaa. Serikali iliikarabati na kuirejesha majini mwaka 2020 katika safari ya Mwanza na Bukoba. Uamuzi ulikuwa wa kiuchumi kwanza, lakini ulithibitisha kwamba chombo chenye umri wa miaka 60 kinaweza kupewa uhai mpya hapahapa Mwanza.

Kwa upande wa magari, hali ni tofauti. Barabara kuu inayotoka katikati ya jiji kuelekea Nyegezi, Buhongwa na hatimaye Shinyanga hupita katika Kata ya Mkuyuni, Wilaya ya Nyamagana. Gari kuukuu linalotembea katika barabara hiyo halina hadhi yoyote inayolitofautisha na gari bovu. Likisimama, mnunuzi wa kwanza kulifikia kwa kawaida ni mfanyabiashara wa vyuma chakavu, ambaye hulipima kwa kilo.

Nchini Marekani, gari la namna hiyo lina jina, thamani na wapenzi wake. Kumiliki, kukarabati na kusherehekea magari ya miaka ya 1950 na 1960, kama vile Chevrolet Bel Air na Ford Mustang ya awali, ni burudani iliyozaa karakana, maonesho na viwanda vya vipuri. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, linalitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa miaka 30 au zaidi, likiwa limetunzwa katika hali sahihi kihistoria na halitumiki kama usafiri wa kila siku. Mwaka 2016 shirikisho hilo liliadhimisha mwaka wa urithi wa magari duniani chini ya udhamini wa UNESCO. Uingereza imeondoa kodi ya barabara kwa magari yaliyotimiza miaka 40, na Ujerumani hutoa namba maalumu za usajili kwa yaliyotimiza miaka 30.

Msomaji anaweza kuuliza: gari la Kimarekani linahusiana nini na Mkuyuni? Uhusiano upo, ila uliingia kwa mlango wa nyuma. Kampuni ya Ford ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904, ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza magari ya Ford katika himaya ya Uingereza nje ya Uingereza yenyewe. Ford T zilitumiwa na majeshi ya Uingereza katika kampeni ya Afrika Mashariki wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Kisha likaja lori la Bedford, ambalo wengi hulihesabu kuwa la Kiingereza. Bedford ilikuwa mali ya General Motors ya Marekani na ilizaliwa mwaka 1931 kutokana na malori ya Chevrolet yaliyokuwa yakiundwa Uingereza. Mabasi ya mbao ya Zanzibar yaliyojengwa juu ya chesisi za Bedford yana, kwa hiyo, damu ya Kimarekani.

Gari halisi la Kimarekani lilijaribiwa katika udongo wetu mwaka 1964. Mwaka huo Ford ilileta kikosi cha magari 6 ya Mercury Comet katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyokuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mawili tu yalimaliza. Ushindi ulikwenda kwa Peter Hughes katika Ford Cortina, gari dogo la Kiingereza. Miaka miwili baadaye, dereva wa Dar es Salaam, Bert Shankland, alishinda kwa Peugeot 404, na mwaka 1967 akarudia. Kumbukumbu ya gari la kale katika Afrika Mashariki ina sura ya Peugeot, Land Rover na Bedford kuliko sura ya Chevrolet yenye mabawa ya nyuma, na si jambo la kusikitikia. Urithi wa nchi ni vile vilivyofanya kazi katika nchi hiyo.

Majirani zetu wa Kenya wameliona hilo mapema. Maonesho ya umaridadi wa magari ya Africa Concours d'Elegance yamekuwa yakifanyika Nairobi tangu mwaka 1970, na mashindano ya Safari kwa magari ya kale yalianzishwa mwaka 2003. Katika baadhi ya miaka mashindano hayo yamevuka mpaka na kuingia kaskazini mwa Tanzania, yakileta wageni, mahitaji ya malazi na kazi za gereji.

Hapa ndipo sera inapopaswa kutazamwa kwa makini. Tanzania, kwa sababu za msingi, haitaki kuwa jalala la magari yaliyochoka kwingineko. Gari lililotumika lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa ushuru wa ziada wa asilimia 15 linapoingizwa nchini, na lenye zaidi ya miaka 10 asilimia 30. Gari lenye injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000 huongezewa ushuru wa bidhaa wa asilimia 10. Magari mengi ya Kimarekani ya silinda 8 yana ukubwa maradufu ya huo. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, na Uganda iliweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Hoja za usalama barabarani, hewa safi na fedha za kigeni zinatosha kuutetea msimamo huo, na makala haya hayaupingi.

Hata hivyo, kuna tofauti kati ya gari linaloingia nchini likiwa zee na gari lililozeekea nchini. La kwanza ni bidhaa. La pili lilibeba pamba ya vyama vya ushirika, walimu, wagonjwa na maofisa ugani, na limebaki kwa sababu kuna fundi aliyekataa life. Mfumo wetu hauna neno linalolitaja hili la pili. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayahesabu kuwa mabaki ya kale vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, ilhali gari la kwanza la Karl Benz lilipewa hataza mwaka 1886. Kwa kipimo hicho cha tarehe, hakuna gari lolote la petroli linaloweza kupita.

Lililo hatarini zaidi ya mabati ni ujuzi. Injini ya kabureta, yenye mfumo wa cheche usio na kompyuta, inahitaji sikio na mikono. Vijana wanaoingia katika ufundi leo hujifunza kusoma hitilafu kwa kifaa cha kielektroniki, na ndivyo inavyopaswa kuwa, kwa sababu magari mengi yaliyopo barabarani ni ya aina hiyo. Lakini yapo maswali ambayo kifaa hicho hakiyajibu. Mfano ni petroli. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006. Risasi hiyo, pamoja na sumu yake, ilikuwa ikikinga vikalio vya valvu katika injini za zamani. Fundi anayefufua injini ya mwaka 1962 hulazimika kukereza na kuweka vikalio vigumu zaidi, la sivyo valvu zinaweza kuliwa polepole.

Wapo wanaodharau Land Rover ya zamani iliyowekewa injini ya Kijapani, wakisema imepoteza uhalisi. Dharau hiyo haina msingi. Kuba, ambako magari ya Kimarekani ya miaka ya 1950 yamekuwa kivutio kikubwa cha watalii, mengi yanatembea kwa injini za dizeli zisizo zake, kwa kuwa vikwazo vya Marekani vilikata vipuri. Mafundi wetu walipitia hali inayofanana na hiyo baada ya Vita vya Kagera, fedha za kigeni zilipoadimika. Ubunifu wa miaka ile nao ni sehemu ya historia ya gari.

Mwanza ina faida ambazo hazijatumiwa. Hewa ya ziwa haina chumvi, hivyo bodi na chesisi hazishambuliwi na kutu kwa kasi inayoonekana Tanga au Dar es Salaam. VETA ina chuo mjini hapa, na tayari ipo programu ya kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi, ambayo humpima fundi kwa anachokifanya na kumpa cheti. Kuongeza ukarabati wa magari ya kale miongoni mwa fani zinazopimwa hakuhitaji chuo kipya. Kunahitaji mtaala mfupi na wazee wachache walio tayari kufundisha wakiwa bado wana nguvu.

Kwa upande wa kodi, hatua moja yenye manufaa ilikwishachukuliwa, ingawa kwa lengo jingine: kufutwa kwa ada ya mwaka ya leseni ya magari mwaka 2017 na kuihamishia katika mafuta. Gari linalosubiri kipuri gerejini halizalishi tena ada hiyo. Hatua inayofuata inaweza kuwa daraja la usajili kwa gari lenye miaka 30 au zaidi ambalo tayari limesajiliwa nchini, likiambatana na ukaguzi wa usalama na ukomo wa matumizi ya barabarani. Sharti la kuwa limesajiliwa tayari ni la lazima, kwa kuwa bila hilo mlango utafunguliwa kwa wafanyabiashara kuingiza mikweche kwa jina la urithi.

Kuhusu uagizaji, Jumuiya ya Afrika Mashariki hutumia mfumo uleule wa kimataifa wa kuainisha bidhaa ambao, katika kifungu cha 97.05, unavitaja vitu vya makusanyo vyenye thamani ya kihistoria. Umoja wa Ulaya hupitisha hapo magari ya miaka 30 yaliyo katika hali yake ya asili na ambayo aina yake haitengenezwi tena. Hilo ni suala la mazungumzo ya kikanda na linaweza kusubiri.

Lisiloweza kusubiri ni mafundi. Makumbusho ya Taifa jijini Dar es Salaam yanahifadhi magari ya viongozi, likiwemo Rolls-Royce lililotumiwa na magavana wa kikoloni na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Siku litakapohitajika kuwashwa, atatafutwa mtu anayejua kabureta, na huenda atapatikana chini ya mti, katika gereji isiyo na kibao, pembezoni mwa barabara kama ile ya Mkuyuni.