Ubao Mfupi si Njia ya Mkato

Hoja iliyochapishwa hivi karibuni inamtaka mtu mzima anayeanza kuteleza mawimbini anunue ubao mfupi mgumu tangu mwanzo, ati ule mrefu wa sponji ni wa watoto na ataujutia. Dukani hoja hiyo inavutia. Majini haisimami.

Kinachombeba mtu ni ujazo wa ubao, nao hupimwa kwa lita. Ubao wa sponji wa futi 8 una lita 80 hivi. Ule wa mashindano, wa karibu futi 6, mara nyingi hauzidi 30. Mtu wa kilo 75 akiulalia huo wa pili, unadidimia chini yake, kupiga kafi kwa mikono kunakuwa adhabu, na wimbi linampita. Asiyepata wimbi atajifunzia wapi kusimama? Bingwa wa mchezo huu kama Kelly Slater anaumudu, lakini yeye alianza utotoni.

Na hilo la ubao mrefu kuwa wa watoto ni porojo. Duke Kahanamoku wa Hawaii, bingwa wa Olimpiki wa kuogelea mwaka 1912, aliteleza kwa ubao wa futi 16. Nani atamwita mtoto?

Kuhusu gharama, mwandishi wa hoja hiyo ana haki kidogo: kununua mara mbili, mrefu kisha mfupi, kunauma. Lakini dawa yake ni kukodi kwanza, au kutafuta uliotumika. Tena sponji ikimgonga mtu kichwani haipasui kama faibaglasi, jambo ambalo hoja ile haikuligusa kabisa.

Mwenye kilo 75 aulizie futi 8 au 9. Muuzaji aking'ang'ania futi 6, amuage.