Land Rover ya Toleo Maalumu na Akiba ya Nyumba

Katika vilima vya Busanza, jirani na uwanja wa ndege wa Kanombe mjini Kigali, gari lenye nguvu ni mali ya nyumba nzima: hubeba mbao, magunia ya viazi na hata wagonjwa. Basi baba anapoletewa habari kwamba Land Rover kuukuu ya “toleo maalumu” inauzwa nchi jirani, akiba ya karo huanza kutazamwa kwa jicho jingine. Kabla haijaguswa, yafaa jambo hilo lieleweke.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Bodi yake ilifanywa kwa alumini kwa sababu chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Jina la Defender lilianza kutumika 1990, na gari la mwisho la umbo hilo la kale lilitoka kiwandani Solihull Januari 2016.

Miongoni mwa magari hayo yako machache yenye sifa ya pekee. Ya rangi ya manjano ya mashindano ya Camel Trophy yalipita pande zote mbili za Rwanda: Zaire mwaka 1983, kisha Tanzania na Burundi mwaka 1991, Waturuki waliposhinda. Defender ya kutimiza milioni mbili iliuzwa mnadani mwaka 2015 kwa pauni 400,000, fedha zikatolewa sadaka.

Bei kama hiyo ndiyo inayowapa madalali maneno. Lakini rangi ya manjano hupakwa katika gereji yoyote. Tena, mwaka 1991 washindani waliendesha Discovery. Defender zilikuwa za kuwasaidia. Anayeuza Defender “iliyoshinda” mwaka huo hasemi kweli. Ushahidi ni namba ya chesisi na hati, wala si kibandiko mlangoni.

Mnunuzi hana budi pia kuinama. Bodi ya alumini yaweza kung'aa, ilhali chesisi, ambayo ni ya chuma, imeliwa na kutu. Na asisahau usukani: Tanzania, Kenya na Uganda huendesha kushoto, Rwanda huendesha kulia, na tangu 2005 imezuia kuingiza magari madogo yenye usukani wa kulia. Aulize forodha kwanza, alipe baadaye.

Zaidi ya yote, gari la nadra hulinda thamani yake kwa kutunzwa bila kubadilishwa. Likipakiwa viazi kila siku, linageuka gari kama mengine, na fedha iliyolipwa kwa ajili ya jina imepotea. Nyumba inayohitaji kazi na inunue gari la kazi, lenye vipuri karibu na fundi anayelijua. Wahenga walikwisha sema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.