Mgeni wa Siku ya Tatu



Leo tusemane wenyewe kwa wenyewe. Tukikutana arusini au kwenye arobaini hapa Jönköping, mazungumzo ni yale yale: nani kahama chama kule nyumbani, waziri gani kafukuzwa. Tunabishana mpaka chai inapoa. Lakini mtoto akiuliza, "Baba, mji huu unaongozwa na nani?" tunabaki kutazamana.

Basi tuanze na mahali tunapoishi. Manispaa ya Jönköping iko kwenye ncha ya kusini ya Vättern, ziwa la pili kwa ukubwa Uswidi, lenye kilomita za mraba zipatazo 1,900 na kina cha mita 128. Wenzetu waliozaliwa Uvira, Kigoma au Bujumbura hulicheka, maana Tanganyika lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Wacheke, lakini ndilo linalotunywesha. Manispaa hii ilizaliwa mwaka 1971, miji ya Jönköping, Huskvarna na Gränna ilipounganishwa pamoja na vijiji jirani. Hata Visingsö, kisiwa chenye urefu wa kilomita 14, kimo ndani yake.

Wanaoamua mambo ya hapa ni madiwani 81. Shule, chekechea, matunzo ya wazee, maji safi na maji taka, maktaba, zimamoto na wapi pajengwe nyumba, yote hayo ni ya manispaa. Hospitali na mabasi ni ya mkoa. Kila mwezi karibu theluthi ya kipato chetu kinachotozwa kodi huenda kwa hao wawili. Tunalipa, halafu tunanyamaza!

Wapo watakaosema, "Sisi hatuna uraia, tutapigaje kura?" Huko ni kujidanganya. Tangu uchaguzi wa mwaka 1976, mgeni aliyetimiza miaka 18 na kuandikishwa kuishi Uswidi kwa miaka mitatu mfululizo huchagua madiwani na wajumbe wa mkoa. Karatasi ya njano, ya bunge, ndiyo ya raia peke yao. Nyeupe ya manispaa na ya buluu ya mkoa ni zetu pia. Kadi ya kupigia kura huletwa mpaka nyumbani kwa posta. Wangapi kati yetu wameitupa pamoja na matangazo ya maduka?

Wengine husema Kiswidi cha ofisini ni kigumu. Hatukatai, ni kigumu kweli. Lakini vikao vya madiwani viko wazi kwa yeyote, na nyaraka za umma zinaombwa bila kutaja jina wala sababu. Msingi wa haki hiyo uliwekwa mwaka 1766. Anayejua lugha na amsomee asiyejua.

Tazameni hasara tunayoipata. Tunalia kwamba watoto wetu wanapoteza Kiswahili. Kumbe sheria inaitaka manispaa ifundishe lugha ya nyumbani wakiomba wanafunzi wasiopungua watano na akipatikana mwalimu anayefaa. Ila kuna sharti: mtoto awe na msingi wa lugha hiyo, na nyumbani izungumzwe kila siku. Sasa sisi tunaowajibu watoto kwa Kiswidi kibovu ili tuonekane tumezoea, tutamdai nani? Haki hii tunaipotezea mezani kwetu, kabla hata ya kuifikisha manispaa.

Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi siku ya tatu imepita zamani, na jembe tumeshapewa. Uchaguzi hufanyika kila baada ya miaka minne, Jumapili ya pili ya Septemba. Tukutane kituoni siku hiyo. Na kabla ya hapo, kila mzazi aombe shuleni fomu ya lugha ya nyumbani, aijaze, airudishe. Siasa za kule nyumbani tutazizungumza jioni, chai ikiwa bado ya moto.