Mtu Asiyesemezeka

Msimu wa kampeni za serikali ya wanafunzi ukifika, unyenyekevu hupatikana kwa bei ya bure hapa chuoni. Mgombea anapiga hodi hosteli chumba kwa chumba, anakaa kitandani kwako, anakuita "kaka" au "dada", anaandika kero zako kwenye daftari. Subiri aapishwe. Muulize kwenye grupu la WhatsApp hela za michezo zimefikia wapi. Ukiwa na bahati utajibiwa kwa kejeli. Usipokuwa nayo, utakuta namba yako imeshatolewa kwenye grupu.

Wengi tunaliona hilo kama suala la tabia tu: fulani ana dharau, basi. Mimi naona ni kubwa zaidi. Maneno makali humuumiza anayeambiwa, lakini pia humfanya msemaji awe kiziwi. Watu wakishajua kwamba ukiulizwa unafoka, hawataacha kuona makosa yako. Wataacha kukuambia.

Biblia ina visa viwili vinavyolionyesha hili vizuri. Najua humu tuko Wakristo, Waislamu na wengine, na sina nia ya kugeuza ukurasa huu kuwa mimbari. Visomeni kama visa vya uongozi.

Cha kwanza kiko 1 Samweli 25. Nabali alikuwa tajiri wa mifugo, kondoo 3,000 na mbuzi 1,000. Daudi, aliyekuwa akiishi nyikani na watu wake, alikuwa amewalinda wachungaji wa Nabali. Siku ya kukata manyoya alituma vijana kuomba chakula kwa adabu. Nabali aliwatukana, akauliza huyo Daudi ni nani hasa. Daudi akachukua watu 400 wenye panga, akaenda kumaliza nyumba nzima.

Sasa tazama kilichotokea nyumbani kwa Nabali. Mtumishi mmoja aliiona hatari inakuja. Hakwenda kwa bosi wake. Alikwenda kwa Abigaili, mke wa Nabali, akamweleza kila kitu, na akasema wazi kwamba yule bwana hasemezeki. Yaani mwenye nyumba anakaribia kufa, wafanyakazi wake wanajua, na hakuna wa kumwambia. Si kwamba walimchukia kiasi cha kutaka afe. Walishazoea tu kwamba kumwambia kitu ni kujitafutia matusi.

Kisa cha pili ni cha mfalme Rehoboamu, kwenye 1 Wafalme 12. Baba yake, Sulemani, amefariki, na watu wamekusanyika Shekemu. Hawakuja na mawe. Walikuja na ombi: baba yako alitutwika mzigo mzito, upunguze, nasi tutakutumikia. Rehoboamu akaomba siku tatu. Wazee wakamshauri awe mtumishi wa watu hao na awajibu kwa maneno mazuri. Vijana aliokua nao wakamwambia awakazie, awaonyeshe yeye ni zaidi ya baba yake. Akawasikiliza vijana. Siku hiyo makabila 10 yakajiondoa. Akamtuma Adoramu, msimamizi wa kazi za shokoa, wakampiga mawe mpaka akafa, na mfalme mwenyewe akaruka kwenye gari lake kukimbilia Yerusalemu.

Kinachonigusa hapo ni nani aliyetakiwa kuwa mpole. Huku kwetu neno "unyenyekevu" mara nyingi humwangukia aliye chini. Mwanafunzi akidai matokeo yake ya mtihani yaliyopotea, anaambiwa awe mnyenyekevu. Wa mwaka wa kwanza akiuliza kwa nini boom limechelewa, anaambiwa apunguze mdomo. Lakini Shekemu watu walishazungumza kwa adabu. Wazee walimpa ushauri wa upole yule aliyekuwa na kiti. Deni la kwanza la maneno ya upole ni la mwenye mamlaka, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kufoka bila kuogopa.

Na mamlaka si ya rais wa serikali ya wanafunzi tu. Kila mmoja wetu ana mtu anayeweza kumfokea bila hofu. CR anao darasa zima. Wa mwaka wa tatu ana wa mwaka wa kwanza. Mwenye Kiingereza kizuri ana yule anayetafuta maneno wakati wa prezentesheni. Kwenye kazi ya kikundi, mara ngapi aliyechekwa wiki ya kwanza ndiye aliyeona kwamba jedwali lina makosa, akakaa kimya, na kundi zima likapata alama mbovu? Tunamwamkia mhadhiri "shikamoo" kutoka mbali, halafu tunampita mama anayefagia korido, mwenye umri wa mama zetu, kama tunapita nguzo. Huyo mama ndiye anayejua bomba gani linavuja na swichi gani inapiga shoti. Asiyesalimiwa hana sababu ya kukusimamisha akuonye.

Kuna wenzangu watasema: ukiwa mpole chuo hiki watakukanyaga. Naelewa wanatoka wapi, maana wapo wanaotumia neno "adabu" kuziba watu midomo. Ila upole wa Abigaili haukuwa kunyamaza. Alipakia mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliotayarishwa, akaenda kukutana na mtu mwenye hasira na jeshi. Aliinama mbele yake. Kisha akamwambia ukweli wote: kwamba Nabali ni mpumbavu, na kwamba yeye Daudi akimwaga damu ile itamkaa moyoni hata atakapokuwa mtawala. Daudi akarudisha panga. Kama angetukana, hilo la pili lisingesikika. Wahenga wetu nao walisema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni, na sidhani walimaanisha tumsifie nyoka.

Kwa hiyo ninachoomba ni vitu vya kawaida kabisa. Kiongozi, ukiulizwa kuhusu fedha, weka hesabu mezani. Kama huna jibu sema "sijui, nitafuatilia, nitarudi Ijumaa", na urudi. Usimtoe mtu kwenye grupu kwa sababu ameuliza. Ukipata ujumbe wa kukukera saa sita usiku, ujibu asubuhi. Rehoboamu alipewa siku tatu na bado akaharibu, sembuse wewe na dakika mbili. Kwenye kazi za vikundi, anzeni kumsikiliza aliye kimya kuliko wote. Mama wa usafi mwamkie, na ukilijua jina lake ni vizuri zaidi.

Na wewe unayelalamika, lalamika. Taja kiasi, taja tarehe, dai jibu. Acha tu kumtaja mama yake.

Uchaguzi ukija tena, mgombea akipiga hodi chumbani kwako, usihangaike sana na ahadi zake. Muulize swali gumu, tena mbele ya watu, halafu angalia uso wake kabla hajaanza kujibu.