Kabla ya Kununua Rangi, Tuipime Shule



Kila mwaka ukikaribia mwisho, michango inaanza. Watu waliosoma pamoja wanatafutana, kikao kinaitishwa, kila mmoja anatoa alichojaliwa. Mwenye kazi ya usiku anaongeza zamu moja ya kubeba maboksi kwa ajili ya shule iliyomlea. Hilo ni jambo jema na silibezi hata kidogo. Swali langu ni moja tu: hela zikishapatikana, zinaanzia wapi? Mara nyingi zinaanzia kwenye rangi, kwenye geti jipya lenye jina la shule, au kwenye chumba cha kompyuta. Mimi nasema zianzie kwenye kupima. Sekondari kongwe ya serikali isipakwe rangi wala isiongezewe hata darasa moja kabla haijapimwa na kuandikiwa mpango wake.

Najua wapo watakaosema huyu mhandisi anatafutia wenzake ulaji. Nisikilizeni kwanza.

Kwa nini nalisema hili sasa? Nchini Tanzania ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na watoto wakafurika. Katika miaka hiyohiyo serikali ikaanza kukarabati sekondari kongwe, zile za akina Pugu, Ilboru, Mzumbe na Tabora. Mwishoni mwa 2021 vikajengwa vyumba vya madarasa 12,000 vya sekondari kwa miezi michache tu, kwa Sh milioni 20 kila kimoja. Hiyo ni kazi kubwa na anayeibeza hajui mwanafunzi kusimama dirishani akisikiliza somo maana yake nini. Lakini mawimbi hayajaisha. Sera mpya ya elimu, toleo la 2023, imepunguza shule ya msingi kuwa miaka sita. Maana yake darasa la sita na la saba wanatarajiwa kumaliza pamoja mwaka 2027, na Januari 2028 makundi mawili yataingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Kenya nao, tangu waseme mwaka 2018 kwamba kila aliyemaliza msingi aende sekondari, wanajua shule kufurika ni kitu gani. Kwa hiyo kujenga kutaendelea, tutake tusitake. Tunachobishana hapa ni utaratibu.

Tuanze na hesabu nyepesi. Tuseme tumechanga, tumejenga vyumba vinne vya madarasa. Kila chumba wanafunzi 40, jumla 160. Tukate utepe, tupige picha. Sasa hao 160 wataenda choo gani? Kipimo cha Tanzania ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Nusu kwa nusu, hapo unahitaji matundu manane mapya, na mahali pa kupeleka hicho kinachoingia humo. Kama ni shule ya bweni, wanataka dabodeka 80 na sehemu ya kuziweka. Maji nayo: Shirika la Afya Duniani linapendekeza walau lita 20 kwa siku kwa kila anayelala shuleni. Zidisha, ni lita 3,200 kila siku, na hapo hujahesabu choo cha kuvuta. Lile tangi la lita 5,000 tulilolishangilia halimalizi siku mbili.

Hapo ndipo penye tatizo. Darasa linaonekana, shimo la choo halionekani. Mfadhili hapendi jina lake liandikwe kwenye shimo la maji taka. Matokeo yake shule inakuwa na madarasa ya mwaka huu, vyoo vya miaka thelathini iliyopita, na kisima kilichochimbwa wakati wanafunzi walikuwa nusu ya waliopo. Katika shule ya namna hiyo wa kwanza kuumia ni msichana, ambaye akiwa katika siku zake ataona heri abaki nyumbani.

Na hapohapo kuna vitu vya bure tunaviacha vipite. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la darasa la mita za mraba 80, mahali panapopata milimita 1,000 kwa mwaka, linapokea lita 80,000. Hata ukitoa yanayopotea njiani, bado ni maji mengi. Lakini darasa linajengwa bila mifereji kwa sababu haikuwa kwenye bajeti, maji yanadondokea chini ya ukuta, yanachimba msingi, halafu baada ya miaka michache tunachanga tena kuziba nyufa.

Nyufa zenyewe nazo tunazielewa vibaya. Wazee walishasema usipoziba ufa utajenga ukuta, ila hawakusema kwamba ufa huzibwa kwa rangi. Ufa unaoanzia kwenye kona ya dirisha na kushuka kwa mshazari mara nyingi unakuambia msingi unatembea. Kwenye udongo mweusi wa mbuga jambo hili ni la kawaida: udongo unavimba masika, unasinyaa kiangazi, na ukuta unafuata. Ukipiga plasta juu yake umemvisha mgonjwa shati jipya. Dawa ya kwanza ni kuweka alama pande mbili za ufa na kuupima kila mwezi kwa mwaka mzima. Inataka rula, daftari, na mwalimu mmoja makini. Ukiona umetulia, ziba. Ukiona unaongezeka, mwite mhandisi kabla hujamwita mpaka rangi.

Kwa walio Uingereza, mfano mnao karibu. Tarehe 31 Agosti 2023, siku chache kabla shule za England hazijafunguliwa, zaidi ya shule 100 ziliambiwa zifunge majengo yao au sehemu zake. Sababu ni zege jepesi lenye vitundu vya hewa ndani, lililotumika sana kwenye mapaa kuanzia miaka ya 1950, ambalo likizeeka linaweza kuanguka bila kutoa taarifa. Nchi tajiri, yenye wakaguzi na kompyuta, ilijikuta ikisomeshea watoto kwenye mahema kwa sababu kwa miaka mingi haikujua vizuri kilichoko juu ya vichwa vyao. Sisi tuna la kwetu: mabati ya asbesto kwenye majengo ya zamani. Yakikaa salama hayana neno sana, lakini fundi akiyakata kwa msumeno, vumbi lake linaingia mapavuni na linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Yanatakiwa yaloweshwe, yashushwe mazima, yazikwe panapojulikana. Mkataba wa ukarabati usipolisema hilo, atakayelipa ni fundi na wanafunzi wanaosomba vipande.

Halafu kuna moto, na hapa sitaki utani. Machi 2001 wavulana 67 waliungua bwenini katika sekondari ya Kyanguli, Kenya. Mlango mmoja kati ya miwili ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Agosti 2009 wasichana 12 walikufa kwa moto wa bweni Idodi, Iringa. Mwongozo wa usalama wa shule wa Kenya wa mwaka 2008 unataka bweni liwe na mlango kila mwisho na wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje, na madirisha yasiwe na nondo. Lakini bweni lililopangwa kwa watoto 40 ukiingiza 90, vitanda vinaziba njia hata kama milango ipo. Ndiyo maana nasema kuongeza wanafunzi bila mpango ni hatari, si usumbufu tu.

Sasa nijibu hoja ya upande wa pili, maana ina uzito. Mkuu wa shule atakuambia: Januari wanafunzi wanaripoti, wewe unaniletea habari ya kupima? Na mtindo wa fosi akaunti, ambapo kamati ya shule inanunua vifaa na kumlipa fundi wa palepale, umejenga haraka na kwa bei nafuu. Kweli kabisa. Ila ramani inayotoka makao makuu ni moja kwa nchi nzima. Haijui kama kiwanja chako kina mteremko, kina mbuga, au kina bomba kuu la maji linalopita chini yake. Mtu wa kuiambia ramani mambo hayo lazima awepo. Kupima shule moja ni kazi ya wiki chache, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na darasa lililojengwa pasipofaa.

Pendekezo langu basi ni hili. Mchango wa kwanza wa kila kikundi ulipie mambo manne. Kwanza, ramani ya eneo zima ikionyesha majengo, miti, mabomba na mteremko. Pili, hali ya kila jengo: lipi linakarabatiwa, lipi linabomolewa, lipi liachwe kama lilivyo. Tatu, hesabu ya vyoo, maji, vitanda na umeme kwa idadi ya wanafunzi wa miaka kumi ijayo. Nne, mpangilio wa kazi kwa awamu: bweni likiezuliwa wanafunzi watalala wapi, na kelele za nyundo zisiangukie wiki za mtihani wa taifa. Wanafunzi wa uhandisi na wa Chuo Kikuu Ardhi wanatafuta kila mwaka mahali pa mafunzo kwa vitendo. Tuwalipie nauli na chakula wapime, na mhandisi aliyesajiliwa akague na kutia sahihi. Mpango ukabidhiwe kwa bodi ya shule, nakala ibandikwe ukutani, ili mkuu akihamishwa usiondoke naye kwenye begi.

Baada ya hapo kila atakayekuja na fedha, awe serikali, mbunge au sisi, ataoneshwa kinachofuata kwenye orodha. Kama kinachofuata ni shimo la choo, achimbe shimo la choo. Geti litakuja zamu yake ikifika.

Wale wa Kenya, Uganda na kwingineko nipingeni kama kwenu mambo ni tofauti. Kwa leo naomba kutoa hoja.