Kiingilio Kibadilike, Foleni Isiuzwe

Disneyland ilipofunguliwa mjini Anaheim, California, Julai 1955, mtu mzima alilipa dola 1 langoni, kisha akalipia kila mchezo peke yake. Miezi michache baadaye vikaja vitabu vya kuponi. Kila kuponi ilikuwa na herufi yake, kuanzia A kwa michezo midogo ya watoto hadi E, iliyoongezwa mwaka 1959, kwa ile mikubwa ambayo kila mtoto aliililia. Mwaka 1982 vitabu hivyo vikaachwa. Ikauzwa tiketi moja ya kutwa kwa dola 12, na aliyekwisha kuingia alipanda alichotaka mpaka miguu imwishe. Six Flags Over Texas ilikuwa imetumia utaratibu huo wa bei moja tangu siku zake za mwanzo, mwaka 1961, kwa kiingilio cha dola 2.75.

Wachumi walilitazama jambo hili kwa makini. Mwaka 1971 Walter Oi aliandika makala iliyopata kusomwa sana, akiuliza mwenye bustani ya burudani atoze wapi: langoni au kwenye bembea? Jibu lake, kwa ufupi, lilikuwa hili: kama wageni wote wanafanana, ni afadhali kiingilio kiwe kikubwa na kila mchezo utozwe gharama yake tu, kwa kuwa mtu anayejua kwamba ndani atafurahi bila kuhesabu senti atakubali kulipa zaidi kabla ya kuingia. Yalikuwa maneno ya faida tupu, lakini yalizaa usawa wa aina yake. Mtoto wa mwanasheria na mtoto wa dereva wa lori, wakishapita langoni, walisimama kwenye foleni ile ile kwa muda ule ule. Usawa huo ndio ninaoutetea hapa, kwa sababu unauzwa kidogokidogo na wengi hawaoni.

Nianze na kiingilio, maana ndicho kinacholalamikiwa zaidi. Februari 2016 Disneyland iliacha bei moja kwa siku zote. Siku tulivu ikawa dola 95, ya kawaida 105, ya msongamano 119. Tangu hapo madaraja yameongezeka, na Oktoba 2024 siku ghali kuliko zote ilipanda hadi dola 206, huku siku chache za bei ya chini zikibaki dola 104. Zile dola 12 za mwaka 1982, ukizipandisha kwa mfumuko wa bei wa Marekani, zingekuwa takriban 39 mwaka huo wa 2024. Kwa hiyo anayesema bei imepanda kupita kiasi hasemi kwa hasira tu. Hesabu iko upande wake.

Hata hivyo, bei ya kupanda na kushuka kwa tarehe ina hoja ya kweli nyuma yake. Bustani ina uwezo wake. Siku ya Krismasi watu wakifurika, kila aliyeingia anampunguzia mwenzake nafasi, na bei inayowasogeza baadhi yao hadi Jumanne ya Februari inawafaa hata wale waliobaki. Ndiyo hesabu iliyotumika katika hifadhi ya Maasai Mara mwaka 2024, ambako mgeni asiye mkazi alitozwa dola 100 kwa siku kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba, msimu wa nyumbu na wa magari mengi. Nyasi na kingo za mto havina namna nyingine ya kuomba nafuu.

Kasoro ya bei ya tarehe iko kwenye kalenda ya shule. Mstaafu anaweza kwenda Jumanne. Wachumba wasio na watoto wanaweza kwenda Jumanne. Mama mwenye watoto wawili darasani na kibarua cha kulipwa kwa saa hawezi. Siku zake ni za likizo, na likizo ndizo ghali. Hata ofa zinazotangazwa kwa ajili ya watoto hufuata mkondo huo. Mwaka 2024 Disneyland iliuza tiketi za siku moja kwa watoto wa miaka 3 hadi 9 kwa dola 50, bei nzuri kabisa, lakini kati ya Januari 8 na Machi 10, wakati watoto wengi wa umri huo wako shuleni. Kampuni inayotaka familia kwa dhati ingetenga siku kadhaa za likizo kwa bei hiyo, hata kama ni kwa idadi maalumu ya tiketi. Hilo linarekebishika, na ndiyo maana sina ugomvi mkubwa na bei ya tarehe yenyewe.

Suala la kurudi ni gumu zaidi. Pasi ya mwaka ni ahadi. Mteja anatoa fedha nyingi leo ili apate haki ya kuja kesho bila kutoa tena, na mwenye bustani anapata fedha mapema pamoja na mtu atakayekula na kunywa ndani kila ajapo. Pande zote hufaidi, mradi ahadi itimizwe. Agosti 2021, baada ya kufuta pasi zake za zamani katikati ya janga la korona, Disneyland ilileta pasi mpya za madaraja manne. Ya juu iliuzwa dola 1,399, na sifa yake kubwa iliyotangazwa ni kwamba haikuwa na tarehe zilizofungwa. Kumbe kila siku ilihitaji kuwekewa nafasi kwanza, na wenye pasi wakalalamika kwamba nafasi zao zilionekana kuisha hali tiketi za siku moja zikiendelea kuuzwa kwa tarehe hizo hizo. Shauri lilifika mahakamani, na mwaka 2023 kampuni, bila kukiri kosa, ikakubali kulipa dola milioni 9.5 kulimaliza. Pasi yenyewe ilikuwa imekwisha kuondolewa sokoni.

Kosa la namna hii si la hesabu za kibiashara. Mtu aliyelipa mwaka mzima ameonyesha imani kuliko aliyelipa siku moja. Kumrudisha nyuma ya huyo wa siku moja ni kumwadhibu kwa imani yake.

Pasi rahisi mno nayo ina matatizo yake, na mfano wake ni Six Flags. Kwa miaka mingi kampuni hiyo iliuza pasi za msimu kwa bei ya chini, na uongozi mpya ulioingia Novemba 2021 ukaona bustani zimejaa vijana wasiotumia fedha. Bei zikapandishwa, mapunguzo yakakatwa. Idadi ya ziara ikaanguka kutoka milioni 27.7 mwaka 2021 hadi milioni 20.5 mwaka 2022, na mwaka uliofuata ikainuka kidogo tu hadi milioni 22.2. Aliyebaki alitumia zaidi, ni kweli. Lakini mazoea ya familia kwenda mahali pamoja kila kiangazi huchukua miaka kujengwa, na hayanunuliwi tena kwa tangazo la msimu mmoja.

Wakati mwingine ofa ya kurudi haitokani na ukarimu wala ujanja wa muuzaji. Nchini Uingereza majumba na bustani nyingi zinazomilikiwa na taasisi za hisani humwambia mgeni kwamba tiketi yake itatumika mwaka mzima. Sababu iko kwenye sheria ya kodi: tangu mwaka 2006 taasisi hizo zinaweza kudai kutoka serikalini peni 25 kwa kila pauni ya kiingilio, kwa sharti mgeni apewe haki ya kurudi miezi 12 au aongeze angalau asilimia 10 kama mchango. Sheria iliandikwa kwa ajili ya mapato, na familia za jirani zikapata mahali pa kurudi. Nautaja mfano huu kwa sababu unaonyesha kwamba serikali inaweza kuelekeza bei bila kuipanga yenyewe.

Sasa foleni. Mwaka 1999 Disney ilianzisha utaratibu wa kuchukua kikaratasi chenye saa ya kurudi kwenye mchezo, bure, kwa kila mwenye tiketi. Mwaka 2021 utaratibu huo ukafutwa, nafasi yake ikachukuliwa na huduma ya kulipia njia ya haraka: dola 15 kwa mtu kwa siku kule Florida, dola 20 California. Mwaka 2024 ikaongezwa pasi ya juu zaidi, ambayo Florida ilifika hadi dola 449 kwa mtu kwa siku moja, juu ya kiingilio.

Watetezi wake husema tajiri amelala hoteli bora tangu zamani, kwa nini asipande bembea mapema? Hoja hiyo haisimami. Anayelala chumba cha fahari hakunyang'anyi kitanda chako. Mchezo una viti vyake kwa saa, haviongezeki. Kila kiti kinachokwenda kwa aliyelipia njia ya haraka kimetoka kwa mtoto aliyesimama juani. Zaidi ya hayo, foleni ya kawaida ikiwa fupi hakuna atakayenunua njia ya mkato. Mwenye bustani basi anapata faida kutokana na usumbufu wa wateja wake mwenyewe, na biashara inayofaidi namna hiyo haina sababu ya kuuondoa usumbufu huo.

Afrika Mashariki tuna kanuni moja nzuri ya kushikilia. Raia wa Jumuiya ameingia Serengeti kwa shilingi 10,000 kabla ya kodi, wakati mgeni wa mbali akilipa dola 70 msimu wa juu. Kanuni hiyo inamfanya mwenyeji awe mtu wa kurudi. Wanaojenga bustani za maji na viwanja vya burudani Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa nawasihi waichukue: wapange bei kwa msimu wakitaka, watenge siku za likizo za bei nafuu, na pasi ya mwaka wakiiuza waiheshimu hadi siku yake ya mwisho. Foleni ya ndani wasiitie bei kabisa.